Mwendo wa Baba kwenye Tuta

Alfajiri moja majuzi nilikuwa kwenye lori langu la mchele, nimekaa mbele na dereva, tunaelekea Segese. Giza lilikuwa bado halijaisha vizuri. Mbele yetu, pembeni ya barabara, palikuwa na vipande vya mwanga wa rangi ya fedha vimetulia, vingine juu, vingine chini. Dereva akasema hicho ni kibao cha barabarani. Mimi nikaendelea kuvitazama. Mara vile vipande vikasogea, na hapo hapo nikamwambia, "Wee, punguza mwendo, hao ni watu. Wawili, na wa nyuma ni mwanamke, tena kachoka." Tulipowapita tukaona wafanyakazi wa mgodini wametoka zamu, wamevaa yale maovaroli yenye mistari inayong'aa, mwanaume mbele, na nyuma mwanamke anaburuza buti. Dereva akanitazama kwa wasiwasi. "Mama Kija, isije ikawa nabeba mchawi humu."

Nilicheka mpaka tukafika. Uchawi gani! Hicho kitu kila mwenye macho anacho. Mistari ile ilipokuwa imetulia haikuwa chochote. Ingeweza kuwa kibao, ingeweza kuwa baiskeli imeegeshwa. Ilipoanza kutembea, ubongo haukuomba maelezo. Uliunganisha bega na kiwiko, goti na kifundo cha mguu, viungo ambavyo jicho halijaviona kabisa, ukanikabidhi mtu mzima pamoja na uchovu wake. Mwanangu anayesoma chuo Mwanza anasema ipo sehemu kichwani, huku upande wa sikio, ambayo kazi yake kubwa ni hiyo, kutambua kinachotembea kwa uhai wake na kukitenganisha na kinachopeperushwa na upepo. Sawa, yeye kasoma darasani. Mimi nilisoma juu ya dungu, na somo langu lilikuwa baba yangu mzazi.

Kijiji chetu kiko upande wa Kagongwa, mahali ambapo ukisimama popote unaona majaruba ya mpunga hadi macho yachoke. Mpunga ukianza kuinama, watoto tulihamia shambani kuamia ndege wasile punje. Kila familia ilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na juu yake tulikaa na madebe ya kugonga na mateo ya kurushia udongo. Tulikunywa uji baridi, tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka taya zikauma. Harufu ya mpunga unaojaza maziwa ndani ya punje siwezi kumweleza mtu ambaye hakuinusa; ni tamu kidogo, ina ubichi wa nyasi na joto la matope. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama. Jani likitikiswa na upepo unaliacha, jani likitikiswa na ndege unapiga debe. Baada ya siku chache huhitaji kumwona ndege, mkono unagonga wenyewe.

Mimi na binamu yangu Doto, mtoto wa shangazi, tulikuwa na mchezo wetu wa kuua uchovu. Mtu akitokea mbali kabisa, akiwa bado kijiti cheusi kinachochezacheza kwenye joto la mchana, tunashindana kumtaja. Doto alikuwa mkubwa kwangu, mrefu, mjuaji wa kila kitu, na hakuwahi kunishinda. Yeye alitafuta nguo na mizigo, mimi nilitazama anavyokwenda. Fundi baiskeli alitembea kama ana haraka ya kwenda kugombana. Mama alibeba kichwa chake kimya, mwili wote ukisogea chini yake, hata asipokuwa na ndoo. Mwinjilisti wa kanisa letu kila baada ya hatua kadhaa alinyoosha shingo. Nilikuwa nawataja mmoja mmoja, kisha namgeukia Doto: "Lete michembe." Anatoa huku analalamika eti nabahatisha.

Lakini mwendo wa Baba ulikuwa habari nyingine. Matuta ya majaruba ni membamba, na watu wengi huyapita wakiyumba na kujisahihisha. Baba aliweka mguu mbele ya mguu, pap, pap, jembe limelala begani, mikono miwili imening'inia juu yake, na akifika kwenye kona ya tuta hageuki kama watu wengine, anaruka kidogo. Karuko kadogo ka furaha ambako sidhani hata mwenyewe alikuwa na habari nako. Tangu nilipojua kutembea nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo visigino vyake nilivijua kuliko sura yake. Nilikuwa naruka kwenye kona zilezile alizoruka yeye.

Kisha Baba akaenda Geita. Wanaume wengi walikwenda huko kutafuta bati za nyumba. Yeye alianza kwa kubeba mawe, akaishia kwenye mwalo, pale wanapoosha mchanga uliosagwa. Wanatia zebaki, nayo inakamata dhahabu. Halafu lile donge linachomwa, zebaki inapanda na moshi na dhahabu inabaki. Baba aliaminiwa, akawa ndiye mchomaji. Mwanzoni alikuja nyumbani mara kwa mara na mikate na pipi. Msimu ninaosimulia hakuja kupanda, hakuja kupalilia, na mpunga ukainama bila yeye.

Siku aliyorudi, Doto ndiye aliyemwona kwanza. "Minza! Baba yako yule! Si unaona begi lake?"

Niliangalia. Begi lilikuwa la Baba kweli. Lakini mtu aliyelibeba alikuwa anaweka miguu mbalimbali, kama vile tuta moja halimtoshi, anataka mawili. Alikanyaga kwa kishindo, akasimama, akatandaza mikono, akasogea tena. Alipofika kwenye kona hakuruka. Aliteleza, akazama jarubani mpaka magotini.

"Si Baba," nikasema.

"Wewe mtoto una wazimu? Si ndiye mjomba yule!"

"Si yeye. Lete michembe."

Yule mtu akafika chini ya dungu, matope yakimchuruzika. Sura ilikuwa ya Baba. Kovu la kwenye nyusi lilikuwepo, pengo la jino lilikuwepo, hata sauti ilikuwa yake ingawa ilitoka polepole. Akaniinulia mikono anishushe. "Minza, mama yangu, huniamkii?"

Jamani, niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tena katika maisha yangu, na nimepita mengi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo ya dungu. Doto akaamkia kwa niaba yetu sote.

Jioni ile Doto akanieleza, kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Machimboni kuna watu wanachukuliwa misukule, wanafanyishwa kazi usiku na mchana bila kusema neno. Ili nyumbani wasishtuke, badala yake unaletwa mgomba, umegeuzwa sura yake. Kila mtoto wa kwetu alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo. Mimi niliisikia upya, na kila kitu kikakaa mahali pake: bila shaka mgomba hautembei vizuri! Umezoea kusimama. Baba yangu halisi alikuwa bado Geita, kwenye mwalo wa mtu fulani, anaosha mchanga na hawezi kuita.

Basi nikagoma. Asubuhi Mama akisema, "Mwamkie baba yako," najibu, "Yaya," kwa Kisukuma kabisa, hapana, ili asije akadhani nimekosea. Kwetu mtoto kutomwamkia mzazi si utani. Mama alinifinya, alininyima maziwa ya mgando, alinitishia mengine. Alikuwa na aibu na alikuwa na uchungu, kwa sababu mume wake karudi baada ya muda mrefu na mtoto anamkimbia. Baba mwenyewe alisema, "Mwacheni, amenisahau." Alisema hivyo huku anatazama pembeni.

Nilikuwa sijamsahau hata chembe! Hilo ndilo lililoniuma. Nyumba nzima ilikuwa imemsahau isipokuwa mimi. Waliona sura wakaridhika. Nilimfuata kwa mbali siku zote hizo, nikihesabu dalili zangu. Kikombe cha chai kilimtetemekea mkononi mpaka chai ikamwagika. Wakasema ni uchovu wa safari. Alilalamika kwamba mboga ina ladha ya chuma. Wakasema huko alizoea vyakula vya hotelini. Alimfokea Mama kwa kitu kidogo, yeye ambaye hakuwahi kufoka, kisha akakaa kimya kama mtoto. Wakanong'ona kwamba amejifunza pombe. Kila mtu alikuwa na maelezo ya kipande chake. Mimi nilikuwa na maelezo ya vyote.

Ikafika siku aliyosema kesho anapanda basi la Geita, mwenye mwalo amemletea salamu, kuna mzigo wa kuchoma. Tulikuwa uani, jua limelala upande wa zizi, watu wazima kwenye vigoda na mimi kwenye kizingiti. Mama alikuwa amemchinjia kuku. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Ukifika Geita, mwambie aliyekutuma amrudishe Baba. Wewe ubaki hukohuko."

Mama alinyanyuka na mwiko. Bibi, mama yake Baba, ambaye hakuwa mtu wa upole hata kidogo, akamshika kanga. "Ngoja kwanza! Minza, umesemaje?"

Nikalia, nikasema yote. Mgomba, misukule, mwalo, yote. Bibi akasikiliza huku anatafuna, kisha akamwangalia mwanawe, akaangalia mifupa kwenye sahani. "Mgomba gani huu unaokula kuku mpaka shingo? Nani kakudanganya?"

"Hatembei kama Baba!"

"Haya, baba yako anatembeaje?"

Nikachukua jembe lililoegemea ukutani, nikalilaza begani, nikatandaza mikono juu yake. Nikapita uani, mguu mbele ya mguu, pap, pap. Nilipofika kwenye jiwe la kunolea nikaruka kidogo, nikarudi. Bibi alipiga makofi kwa kicheko. "Gashinaga! Kumbe! Mwanangu Masanja mtupu! Mwangalieni!" Hata Mama alicheka, mwiko bado mkononi. Hawakuwahi kufikiri habari za karuko kale, lakini walipokaona walikajua mara moja.

"Na huyu?" akauliza Bibi.

Nikaweka jembe chini. Nikatanua miguu. Nikakanyaga kwa kishindo, nikasimama, nikatandaza mikono, nikasogea. Kwenye jiwe nikageuka kama anavyogeuka, kwa vipande vipande, mwili ukikawia nyuma ya kichwa, na kwa kuwa nilimwiga sawasawa nikayumba kweli, nikashika ukuta.

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa ameweka kikombe chini, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Masanja," akasema Bibi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "simama utembee mpaka zizini."

"Mama, nimechoka."

"Tembea."

Akatembea. Na safari hii wote walimwona. Mtu huyohuyo alikuwa amepita mbele yao tangu alipofika na hawakuona kitu, kwa sababu sura ilikuwa inasema "ni mimi" na wao wakaacha kuangalia. Sasa nilikuwa nimewaonyesha pa kuangalia. Alifika katikati ya ua, akashika mti wa uzio, akabaki pale amewapa mgongo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanaume mzima analia, na nakumbuka niliwaza jambo moja tu: mgomba haulii.

"Imeanza lini?" akauliza Bibi.

Baba alisema imeanza muda. Mikono kwanza, kisha miguu. Alikuwa anaificha. Pale mwaloni, mchomaji anayetetemeka haaminiwi. Wanasema ataangusha dhahabu au anaiba. Akaeleza alivyokuwa akifanya kazi: anachomea ndani ya kibanda chake cha kulala, kwenye kikaango juu ya mkaa, mlango na dirisha amefunga na kuziba kwa magunia, ili watu wasione dhahabu ikitokea. Moshi ukiisha anafungua. Kisha analala humohumo. Mama alishika kichwa. Hakuna mmoja wetu aliyejua wakati ule moshi ule ni nini, lakini alivyokuwa anasimulia, hata yeye mwenyewe alisikia kwamba pale ndipo penye tatizo.

Basi la Geita liliondoka bila yeye. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa waende Mwanza, na Bibi akauza ndama bila kujadiliana na mtu. Mama aliniambia baadaye kwamba daktari, kabla hata ya kumpima damu, alimwambia avuke chumba kwa mstari mmoja, mguu mbele ya mguu. Alipoyumba akamuuliza, "Unafanya kazi gani?" Alipotaja mwalo, akauliza moja kwa moja habari za zebaki. Ilikuwa imemwingia kwa pumzi, ikamkalia kwenye mishipa ya fahamu, kule kunakopangwa namna ya kusimama na kwenda. Wakasema angerudi kwenye moshi ule msimu mwingine mmoja, asingetembea tena kabisa.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia nilikosea. Nimewahi kusimulia habari hii kwa watu, wakacheka, "Kumbe ulimdhania baba yako mgomba!" Nacheka nao, lakini nawarekebisha. Macho yangu yalisoma sawa. Nilichokosa ni maelezo, na maelezo nilipewa na Doto. Mtu mzima anaweza kuwa na maelezo mazuri na macho yaliyolala. Katika hayo mawili, mimi bado nachagua kuwa yule mtoto.

Ila kuna jambo ambalo si rahisi kulisimulia kwa kicheko. Baba alipolazwa, nilimsubiri. Nilielewa kwamba ni ugonjwa, kwamba wanampa dawa, kwa hiyo nilijua kitakachorudi: jembe begani, pap, pap, karuko kwenye kona. Niliwaambia watoto wenzangu wote. Siku aliyorudi nilikuwa nimekaa njiani tangu asubuhi. Mikono ilikuwa imetulia, macho yalikuwa na uchangamfu wake, hasira ilikuwa imekwisha. Lakini miguu ilikuwa bado mbalimbali. Alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mto, anapima chini kabla ya kuweka uzito, anaegemea kushoto kidogo, kisha anajirudisha. Nikamwamkia, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mama. "Shikamoo, Baba." Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia sana. Nilikuwa nimemdai kwa nguvu zote, na sehemu yake moja haikurudi.

Hakurudi machimboni. Jembe zito lilimshinda, ndipo akawa mwamiaji wa ndege pamoja nasi. Ilikuwa kituko kijijini, baba mzima juu ya dungu na watoto, na walimtania, naye aliwajibu kwa kugonga debe. Kupita matutani aliniwekea mkono begani, mimi mbele, yeye nyuma. Kwa mara ya kwanza sikuwa naona visigino vyake. Nilikuwa nauhisi mwendo wake kwa bega: uzito unakuja, unasita, unaegemea kushoto, unaondoka. Siku nyingi tukaenda hivyo. Sikujifunza kwa kutaka. Sidhani kama mtu huamua mambo kama haya. Bega lilizoea tu.

Baada ya mavuno tulikwenda mnadani Kagongwa, Mama, Baba na mimi, kuuza gunia letu na kununua vitu vya nyumbani. Wee, mnada ule! Ng'ombe wanalia, wauza mitumba wanaimba bei, vumbi limesimama hewani mpaka watu wote wana rangi moja. Mama alikuwa anachagua vitenge. Tulipoinua macho, Baba hayupo. Mama akaingiwa na hofu, maana watu walikuwa wanasukumana na ng'ombe walikuwa wanapitishwa kwa mbio, na mtu wa miguu ile akiangushwa pale anakanyagwa. Akapanda juu ya gunia. "Kavaa shati gani leo? La bluu? Mungu wangu, wote wana mashati ya bluu! Minza, simwoni, simwoni kabisa!"

Mimi sikutafuta shati. Nilitazama tu lile vumbi lote, migongo inakwenda huku, mingine inakuja huku. Ghafla, mbali kabisa, karibu na malori ya ng'ombe, mgongo mmoja ukapima chini, ukasita, ukaegemea kushoto, ukajirudisha. Mwili mzima ukanisisimka. Sura sikuiona, kofia sikuiona.

"Yule pale," nikasema.

"Yupi? Una hakika? Mbona mbali hivyo?"

"Mama, yule ni baba yangu."

Nikaruka gunia, nikakimbia nikipita chini ya mikono ya watu. Nilipomkaribia alikuwa bado amenipa mgongo, anavuka mto wake katikati ya ule umati, na sikungoja ageuke.

"Shikamoo, Baba!"